Diski ya Ken kwenye Seva ya Harambee

Jumamosi, Julai. Baridi ya kuuma masikio.

Leo jua halikuonekana hapa Gitothua. Asubuhi ukungu ulilalia mabati mpaka saa ya chai, kisha ukaondoka na kutuachia manyunyu, yale yasiyolowesha nguo ila yanakutia hasira bure. Nimevaa soksi mbili kila mguu, blanketi liko mabegani, na bado vidole vyangu vinasitasita kwenye kibodi. Nitaandika hivyo hivyo.

Leo nimebishana na mzee wa watu, nimeshinda ubishi, nimeaibika, kisha nimelia mbele ya watoto. Yote mchana mmoja.

Nianze na seva, maana kila kitu kimetoka kwayo. Siku za kazi mimi hutunza kompyuta za kiwanda kimoja kule Thika, na hiyo ndiyo inayonilisha. Jumamosi natunza seva moja tu, bila malipo, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa letu hapa Ruiru. Zamani kilikuwa stoo ya viti. Sasa watoto wa sekondari huja hapo kutazama masomo yaliyorekodiwa na walimu wa mtaa: kemia, hesabu, fizikia, hata ushairi. Kila mtoto huketi na kompyuta yake na vipokea sauti vyake, akachagua somo analolitaka. Wengi wao shuleni hawajawahi kuona maabara yenye gesi. Kwetu wanaiona, japo kwenye kioo.

Masomo yote yanakaa ndani ya seva hiyo moja. Ikikwama, chumba kizima kinakwama.

Sanduku lake tulipewa na ofisi iliyokuwa ikihama. Lilikuja na droo nane za diski, zote tupu, kama mdomo wa cucu, bibi yangu aliyeng'oka meno yote. Hapo ndipo mwenyekiti wa kamati, Mzee Karanja, aliposimama kanisani baada ya matangazo. Ana duka la vifaa vya ujenzi na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Akasema haba na haba hujaza kibaba, kila nyumba ilete diski moja, kubwa, ndogo, mpya, kuukuu, mradi inazunguka. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, na hakuna aliyeniuliza ukubwa gani unafaa.

Ndivyo tunavyojenga kila kitu hapa. Kanisa lenyewe lilijengwa hivyo, huyu misumari, yule lori la mchanga, yule mfuko mmoja wa simiti alioubeba kwa mkokoteni. Ukuta haujali nani alileta jiwe kubwa na nani kokoto. Basi tukafikiri seva nayo ni ukuta.

Zikaja diski sita, hakuna iliyofanana na mwenzake isipokuwa mbili ndogo. Nikaziunga zifanye kazi kama kitu kimoja. Zikiungwa hivyo, kila somo hukatwa vipande, vipande vikagawanywa kwa diski zote sawa kwa sawa, na juu yake huongezwa hesabu kidogo, ili diski moja ikifa nyingine zijue ilikuwa imeshika nini. Uzuri wake ni huo. Ubaya wake ni kwamba mgao ukiwa sawa kwa sawa, mkubwa hapati zaidi ya mdogo. Diski ya Mzee Karanja ina nafasi mara nane ya zile ndogo, lakini ndani ya kundi inahesabiwa ndogo kama hizo. Nilipomweleza aliniangalia kana kwamba nimemwibia.

"Shiru, mimi nimetoa lori," akaniambia. "Na wewe unaipakia kikapu cha nyanya."

Tangu siku hiyo hajanisamehe vizuri.

Halafu kuna majina. Hapa kwetu mtu hatoi kitu jina lake lisisomwe, hata viti vya kanisa vina majina ya familia mgongoni. Kwa hiyo kila droo ya seva ina utepe wa karatasi wenye jina la aliyetoa, kwa kalamu nzito. Karanja na Familia. Kwaya. Mchungaji. Mwalimu Njoroge. Akina Baba. Na ya mwisho, moja ya zile ndogo mbili, imeandikwa herufi tatu tu: KEN.

Ken alikuwa mtoto wa Mama Ken, na sijui nimweleze vipi zaidi ya hapo, maana hata mama yake tunamjua kwa jina lake. Mama huyo hufuma sweta za shule kwa mashine, nyumbani kwake karibu na Kiuu, kisha huzipeleka madukani akiwa na gunia mgongoni. Ken alikuwa mwaka wa pili chuoni, akikaa hosteli kule Kahawa Wendani, na alikuwa mmoja wa wale vijana wanaonunua kompyuta mbovu wakaitia uhai. Mwaka juzi alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alienda hospitali akitembea kwa miguu yake.

Diski ile ilitoka kwenye kompyuta yake. Mama Ken aliileta ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cha sweta. Nilimwambia ukweli wote, kwamba nikiiingiza kwenye seva kila kilichomo kitafutika, na kabla ya hapo nikamtolea picha na video zote, nikaziweka kwenye flash mbili, moja yake na moja ya dada yake. Akasema sawa. Akasema Ken alikuwa akiwafundisha watoto wa ploti yao hesabu jioni, kwa hiyo aendelee tu.

Kila Jumamosi, akishamaliza kugawa sweta, Mama Ken hupitia kwetu. Hakai. Husimama mbele ya seva, mikono nyuma, akitazama taa za droo. Mtoto akifungua somo, taa za kijani hupepesa zote, na ya Ken pia. "Leo yuko na kazi," husema, kisha huaga na kwenda zake.

Mimi najua taa ile ni nini. Ni umeme na kipande cha plastiki. Sijawahi kumwambia, na wala hajawahi kuniuliza.

Sasa, wiki mbili hizi seva imekuwa mbaya. Masomo yanasimama katikati, yanasubiri, yanarudi. Kuna msichana wa Form Four, Muthoni, anayeandaa mtihani kwa hasira kama anayelima shamba la jirani aliyemtukana. Jumamosi iliyopita alivua vipokea sauti akaniambia, "Madam, mwalimu wa chemistry amekwama na mdomo wazi. Dakika nzima. Nimehesabu meno yake yote." Tukacheka, lakini macho yake hayakucheka. Agosti shule zikifunga chumba kitajaa mara mbili, na kamati inakaa kesho baada ya ibada kuamua la kufanya.

Mzee Karanja hakungoja kamati. Jumatano alinipigia simu nikiwa Thika, akasema amenunua dawa. Nilipofika Ruiru jioni alikuwa ananingoja dukani na diski mbili mpya, kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuishika, bado ziko kwenye makaratasi yake.

"Toa hizo takataka zote sita," akasema. "Weka hizi mbili. Nafasi mara ngapi hiyo? Hata wajukuu wangu hawataimaliza."

Nilikasirika. Niseme ukweli wa moyo wangu: sikukasirika kwa sababu ya ufundi. Nilikasirika kwa lile neno takataka, maana niliona droo ya Ken kichwani mwangu. Na nikaomba Mungu mzee awe amekosea, ili nimwonyeshe mbele ya watu.

Mungu alinijibu nusu.

Nilizitia diski zake mbili kwenye zile droo mbili zilizobaki wazi, nikanakili masomo yote humo, nikamwambia Jumamosi tutazishindanisha. Leo mchana akafika na kofia yake ya manyoya, akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Kwanza nikamwita Muthoni peke yake afungue somo kutoka kwenye zile kubwa mbili. Likafunguka mara moja. Nikanakili faili moja refu, likapita kama maji. Mzee akanitazama, nyusi juu.

Kisha nikawaambia watoto wote, chumba kizima, kila mmoja afungue somo lake, tofauti na la jirani.

Kwa muda mfupi mambo yalikuwa sawa. Halafu diski zikaanza kukoroma, ile sauti ya kukwaruza ya kitu kinachokimbizwa huku na huku. Kioo kimoja kikasimama, cha pili, safu nzima. Mtoto wa nyuma akasema "Haiya!" na wengine wakaguna. Walimu kumi na kitu wote wakawa wamekwama na midomo wazi.

Mzee akavua miwani. "Kwani ni mbovu? Nimeuziwa mbovu?"

"Si mbovu, Mzee. Ni nzuri sana. Lakini umeona harusi ya mtoto wa Mwalimu Njoroge? Githeri ilikuwa kwa sufuria ngapi?"

"Nyingi. Sita, saba."

"Na kila sufuria na mtu wake wa kupakua. Sasa chukua hiyo githeri yote, tia kwa sufuria mbili kubwa kama tangi, weka watu wawili tu wa kupakua. Chakula ni kile kile. Hata kimezidi. Lakini laini ya watu itafika wapi?"

Akafikiri. "Itafika barabarani."

"Basi. Ndani ya diski kuna mkono mmoja wa kusoma. Hata diski ikiwa kubwa namna gani, ukiiomba vitu ishirini kwa mara moja, itakimbia huku, irudi huku. Mtoto mmoja, zako ni sawa. Watoto wengi, tunataka mikono mingi."

Mimi nilikuwa nimevimba kwa furaha, najijua. Nikawaambia watoto warudi kwenye zile sita za harambee, wafungue tena wote pamoja, mzee ajionee.

Wakafungua. Zikaenda vizuri, zikaenda vizuri, kisha zikasimama. Zote. Vile vile.

Mzee Karanja akaanza kucheka, taratibu, tumbo likitikisika. "Hao wapakuaji wako sita wameenda chai?"

Nilihisi uso ukiwaka moto na baridi hii yote. Lakini aliuliza swali la haki, na ndilo swali ambalo ningepaswa kujiuliza mapema badala ya kutafuta ushindi. Seva ile ile, diski zile zile, ilifanya kazi vizuri miezi mingi. Kilichobadilika ni nini?

Nikaketi, nikafungua ukurasa unaoonyesha kila diski inajibu kwa kasi gani. Tano zilikuwa zikijibu papo hapo. Moja ilikuwa inachelewa, inarudia, inachelewa tena. Na kwa kuwa kila somo lina kipande chake kwa kila diski, zile tano zikimaliza zinakaa kumngoja mwenzao. Mpakuaji mmoja ameshika upawa kwa mkono unaotetemeka, na hakuna sahani inayoondoka kabla yeye hajatia chake. Wingi haukusaidii hapo. Kundi zima huenda kwa mwendo wa mgonjwa wake.

Ilikuwa droo ya sita.

Nilishangaa, maana diski ikianza kuumwa taa ya droo yake hugeuka manjano, na mimi nimepita mbele ya sanduku hilo Jumamosi iliyopita bila kuona manjano yoyote. Nikaenda nikapiga goti. Taa tano za diski za harambee zilikuwa za kijani. Ya sita haikuwepo. Mahali pa taa palikuwa na utepe wa jina. Nilipoubandika mimi ulikuwa chini ya mpini, na nakumbuka hivyo kwa sababu nilizipanga zote mstari mmoja. Sasa huu mmoja ulikuwa umepandishwa juu, umesukumwa kwa kidole gumba mpaka ukashika vizuri.

Nikaubandua. Manjano.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakucheka tena. Alitazama taa, akatazama jina kwenye utepe mkononi mwangu, akavua kofia.

"Ni mama yake," akasema polepole. "Ngai, Mungu wangu. Alikuwa anaficha."

Hapa sasa nakiri jambo. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la kumwambia Mama Ken. Lilikuwa la kumdanganya. Ningeweza kuitoa diski ile kwenye kundi na kuiacha droo ya pembeni, ipate umeme tu, isipewe kazi yoyote. Taa ingebaki kijani. Seva ingepona, watoto wangesoma, na yeye angekuja Jumamosi akasimama mikono nyuma. Nani angeumia? Nikamnong'onezea mzee wazo langu, nikidhani ataniunga mkono.

Akatikisa kichwa. "Shiru, wewe unajua computer. Lakini huyu mama anajua hiyo taa kukushinda. Ikikaa bila kucheza, ataona siku ya kwanza."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ingekuwa ya Jumamosi moja.

Alifika saa kumi hivi, gunia la sweta mgongoni, manyunyu yamemtulia kwenye kitambaa cha kichwa kama unga. Alisalimu watoto, akatusalimu, kisha akaona kile nilichokuwa nimekishika. Akaweka gunia chini.

"Mmeona," akasema.

"Ilianza lini, Mama Ken?"

"Ile Saturday hukukuja, ulienda harusi Thika. Nilipata imekuwa ya yellow." Alikuwa akiongea na sakafu. "Nikaangalia kama kuna mtu ananiona, nikafunika."

"Mbona hukuniambia, mami? Ningekupigia kelele kweli?"

"Ungeitoa."

Ni kweli, ningeitoa siku hiyo hiyo.

"Kule wodi," akaendelea, "mashine yake ilikuwa hivyo. Green, green, siku mbili. Halafu nikaona yellow. Mimi ndio niliona wa kwanza, sister wa wodi alikuwa mbali. Nikaita. Wakakuja wote mbio, daktari, sister, wote. Wakaniambia mama, toka nje kidogo. Nikatoka." Akafuta pua kwa kiganja. "Hawakuniita tena. Niliitwa ikiwa imeisha. Sasa hii nayo nikasema, wacha mara hii nisiite mtu."

Nililia. Sitaipamba. Nililia pale mbele ya seva, watoto wakiwa na vipokea sauti masikioni, wachache wakigeuka kunitazama. Mzee Karanja alikuwa akiikunja kofia yake, akiikunjua, akiikunja tena.

Mama Ken ndiye aliyetangulia kujikusanya. Alitazama vile vioo vilivyosimama. "Hawa watoto wanakwama juu ya hiyo?"

"Ndio."

"Hata huyu msichana wa Form Four?"

"Hata yeye."

Alifunga macho. Niliona aibu ikimpanda, na nikataka kusema si kosa lako, lakini alikuwa ameshaamua.

"Itoe," akasema. "Lakini leo sitoki nje."

Nikamwekea kiti karibu kabisa na sanduku, karibu kuliko kiti changu.

"Na vile vitu ilikuwa imeshika?" akauliza. "Masomo ya watoto?"

"Hizo tano zinajua. Kila moja imebaki na hesabu kidogo. Nikiweka nyingine mahali pake, zitaiambia kila kitu polepole, mpaka kesho itakuwa imejua."

"Zitaiambia," akarudia, akitingisha kichwa kama mtu anayesikia habari za watu wa mbali. "Sawa."

Tatizo lilikuwa hiyo nyingine. Nikaanza kusema nitatafuta ndogo kama ile, pengine kule Thika kwa watu wa kompyuta kuukuu, Jumatatu au Jumanne. Mzee Karanja akanikatiza.

"Chukua moja ya hizo zangu."

"Mzee, itahesabiwa ndogo. Nafasi yote hiyo nyingine italala tu. Tulishaongea."

"Si ihesabiwe ndogo! Kwani nani ataniuliza?" Sauti ilikuwa kali, lakini macho yalikuwa mekundu. "Na hiyo ingine ya pili utapata kazi yake."

Nilimwambia kazi ipo tena nzuri: kukaa peke yake na kuhifadhi nakala ya masomo yote kila jioni watoto wakishaondoka. Kazi ya kuweka, si ya kupakua. Hapo ukubwa wake utafaa. Akaitikia, akaugeukia utepe niliokuwa bado nimeushika.

"Jina tuliache hapo hapo," akamwambia Mama Ken. "Iwe yangu lakini iitwe Ken."

Nilidhani atashukuru. Nilikuwa tayari kuubandika. Lakini yeye alinyoosha mkono akauchukua utepe kutoka kwangu, akaukunja mara mbili, akautia kifuani.

"Hapana, Mzee. Hiyo ni yako, iandikwe yako. Ken amefanya, imetosha."

Mzee akasema, "Amefanya, mama. Amefanya sana." Hayo ndiyo maneno ya upole kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

Nikaiondoa kwenye kundi kwa kompyuta kwanza, kisha nikabonyeza mpini wa droo. Hutakiwi kuvuta diski moja kwa moja hadi mwisho. Unaivuta kidogo, unaacha umeme ukatike, unasubiri sahani zake za ndani ziache kuzunguka. Ukiishika wakati huo unahisi inajikaza mkononi, inapunguza, inapunguza, halafu inatulia. Nimefanya hivyo mara nyingi sana kule kiwandani nikiwa naongea na simu. Leo nilimwambia Mama Ken aweke mkono wake juu ya wangu. Tukahisi pamoja ikitulia.

Nyuma yetu walimu walikuwa wakifundisha. Sikuwa nimetangaza chochote, na watoto hawakujua kitu kimeondoka. Masomo yalianza tu kutembea. Nilimwona Muthoni akiinamia kioo chake na kuandika bila kusimama.

Nikaitoa diski kwenye droo yake nikampa.

Alishtuka. Nilidhani imemchoma au imemponyoka. Aliishika kwa mikono miwili, akaniangalia.

"Iko na joto," akasema.

Diski zote hutoka na joto. Inazunguka mchana kutwa, lazima iwe na moto, hilo ni jambo la kawaida kabisa kwenye kazi yangu, la kawaida kiasi kwamba sikuwahi kuliona kuwa jambo. Ulimi wangu ulikuwa tayari kumwambia hivyo. Nikafunga mdomo.

Akaiweka mapajani, akaifunika kwa kiganja chake. Nikavuta kiti changu nikakaa karibu naye. Mzee Karanja naye akavuta chake. Hakuna aliyemwambia mwingine atoke. Watoto walimaliza masomo yao, wakaanza kuvaa majaketi na kuondoka mmoja mmoja, wakisema bye madam, bye guka, yaani babu, bye Mama Ken, naye akiwajibu kila mmoja kwa sauti ya kawaida.

Mwishowe akainua kiganja, akaigusa kwa kidole kama unavyojaribu maji ya kuogeshea mtoto.

"Sasa imepoa," akasema.

Akaifunga ndani ya sweta moja ya shule, ya bluu, akafunga gunia, akaniuliza kama nimekula.

Nimekula. Nimerudi nyumbani, niko hapa na blanketi langu, na kule nyuma ya kanisa zile diski tano zinaendelea kuisimulia ile mpya ya Mzee, niliyoitia droo ya sita kabla ya kufunga mlango. Kesho kamati itaniuliza seva ilikuwa na shida gani, maana ndiyo ajenda ya kwanza. Ningeweza kuwapa maelezo marefu kuhusu wingi na ukubwa na mikono ya kusoma, na nadhani Mzee Karanja atataka niwape ule mfano wa githeri. Kuhusu ule utepe sitasema neno, na naamini hata yeye hatasema. Nitawaambia diski moja ilikuwa imechoka, tukaitoa, na mara hii mama yake alikuwa humo ndani.